Mafuta Hayatafutwi Usiku wa Manane

Masomo: Mathayo 25:1–13, Kumbukumbu la Torati 22:8



Majilio yameingia, na mvua nazo zimeingia. Kila mwaka mambo haya mawili hutujia pamoja hapa kwetu Kilosa. Kanisani madhabahu imevikwa kitambaa cha zambarau, na masomo yote yatuambia tukeshe. Tukitoka nje twaona mawingu yamekaa juu ya milima, twafungua miavuli, twarudi nyumbani, kana kwamba neno la kukesha limebaki kanisani pamoja na vitabu vya nyimbo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mchungaji wetu aliwakaribisha askari wawili wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili watuonye juu ya hatari za majira haya. Walisema kwa muda wa saa nzima, kwa maneno mepesi, nasi tuliandika kama wanafunzi. Lakini tulipokuwa tukitoka, mzee mwenzetu mmoja alitushika mkono, akasema kwa upole, "Mwalimu, hayo ni ya serikali. Sisi watu wa Mungu tunaomba tu. Ajali haina kinga."

Hatukumjibu siku ile. Mzee huyu twampenda, na imani yake ni ya kweli. Lakini tulikwenda na neno lile nyumbani, likatunyima usingizi, kwa sababu ambayo tutaieleza hapa chini. Basi tumeona yafaa tumjibu kwa maandishi, huku tukijijibu na sisi wenyewe.

Wote kumi walilala

Tuanze na mfano wa wanawali kumi. Wengi wetu tulipokuwa watoto katika Shule ya Jumapili tulidhani kwamba wale watano wenye busara walikesha macho, na wale watano wapumbavu walilala. Sivyo. Someni tena mstari wa tano. Bwana arusi alipokawia, wote walisinzia wakalala, wenye busara na wapumbavu pamoja. Tena wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi waliipenda ile arusi. Wote kumi walimngoja bwana mmoja.

Tofauti yao ilikuwa moja tu. Watano walichukua akiba ya mafuta mapema, wakati wa utulivu, kabla hakujawa na haja. Kelele zilipotokea usiku wa manane, haukuwa tena wakati wa kutafuta. Wala tusiwalaumu wale wenye busara kwamba walikuwa wachoyo. Yako mambo ambayo mtu hawezi kumgawia mwenzake saa ya hatari ikiisha kufika. Ukiwa katikati ya mto huwezi kumgawia mwenzako ujuzi wa kuogelea. Nyumba ikiwa imejaa maji na giza, huwezi kumfundisha mtoto njia ya kwenda mlimani ambayo hakuifuata hata siku moja mchana.

Lakini angalieni na jambo hili la faraja. Wale wenye busara walilala, na Bwana hakuwalaumu. Aliye na mafuta katika chombo chake aweza kulala. Kujiandaa si hofu, wala si kukosa imani. Ndiko kunakotupa usingizi mwema mvua inapopiga bati.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa neno hili kwa njia nyingine. Siku za mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wetu alisimama mlangoni mwa darasa akauliza, "Andalio lako la somo liko wapi?" Aliyejibu kwamba liko kichwani alirudishwa bwenini akaliandike. Mkufunzi alituambia kwamba kichwa husahau mara watoto wanapoanza kupiga kelele. Tulimwona mkali. Leo twaona alikuwa akituhubiria Majilio.

Kengele tuliyoipiga

Sasa tueleze kwa nini neno la mzee wetu lilitunyima usingizi.

Ilikuwa mwezi wa Machi, katika miaka ya 1980. Tulikuwa bado wachanga katika kazi, na juma lile sisi ndio tuliokuwa wa zamu. Shule ilikuwa kando ya mto, na baadhi ya watoto waliuvuka asubuhi na jioni, maji yakiwa chini ya magoti yao. Siku ile shuleni jua lilikuwa likiwaka, lakini huko milimani kulikuwa kweusi tangu adhuhuri. Kwenye saa nane hivi akaja mchunga ng'ombe mmoja, mtu mzima, miguu yake imejaa matope. Akatuambia kwamba maji yamebadilika rangi na yanabeba majani mabichi. Akasema watoto wasivuke.

Tulimshukuru. Tulitazama mto kwa mbali, tukauona ni uleule wa kila siku. Ilikuwa Ijumaa, nasi tulikuwa na safari ya mjini, na lori lilikuwa linangoja barabarani. Tukapiga kengele. Tukawaambia watoto wakubwa wawashike mikono wadogo. Tukaondoka.

Msichana mmoja wa darasa la tatu hakufika kwao. Alionekana siku ya pili, mbali sana chini ya mto.

Katika mazishi, mhubiri alisema lile neno ambalo sote hulisema, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitika Amina. Sisi tuliitika kwa sauti kuliko wengi, maana neno lile lilitufunika vizuri kama blanketi. Mama wa marehemu akaja akatushukuru sisi walimu kwa kufika. Hakuna aliyetuuliza habari za kengele, wala za mchunga ng'ombe, nasi hatukusema.

Ndugu zetu, kazi ya Mungu haina makosa. Hilo twalisadiki mpaka leo. Lakini kazi yetu siku ile ilikuwa na makosa, nasi tuliyachukua makosa yetu tukamtwika Mungu. Huko nako ni kulitaja bure jina lake. Mungu alikuwa amekwisha kumtuma mjumbe wake kwetu, mwenye fimbo mkononi na matope miguuni, na sisi tuliosoma hatukumsikiliza.

Miaka mingi baadaye tulimwungamia Mungu jambo hili mbele ya Mchungaji, tukapewa neno la msamaha. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kufariki, na hatukupata kumwambia. Katika sala ya maungamo tunayoisema pamoja kila Jumapili, hatuungami mabaya tuliyoyatenda tu, bali na mema tuliyoyaacha bila kuyatenda. Wengi hupita haraka mahali pale. Sisi hatuwezi.

Tusiwahukumu walioangukiwa

Kwa kusema haya hatusemi kwamba kila aliyekufa kwa maji alizembea, au kwamba alikuwa mwenye dhambi. Bwana wetu aliulizwa habari za watu walioangamia, naye akawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:1–5). Badala ya kuwahukumu wafu, aliwageukia walio hai akawataka watubu.

Tukumbuke Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka 2023, tarehe 3 Desemba. Siku ile, Wakristo walipokuwa wakijiandaa kwenda kusikia neno la kukesha, sehemu ya Mlima Hanang' mkoani Manyara iliporomoka. Matope, mawe na magogo yakashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Ni nani kati yao angaliweza kuushika mlima usianguke?

Nasi wa Kilosa hatuna haja ya kusimuliwa. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta lake ukaingia mjini. Maelfu ya watu waliachwa bila makao, wakahifadhiwa katika mahema, na reli ya kati ikakatika. Januari 2014 maji yakaja tena upande wa Magole na Dumila, yakaikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Katika mambo hayo, hatuna la kuwaambia waliofiwa ila kulia pamoja nao.

Lakini kuhusu sisi tulio hai, Mungu ametuachia agizo. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati aliwaamuru wana wa Israeli kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mfupi. Nyumba zao zilikuwa na dari tambarare juu, na watu walikaa huko kupunga hewa. Mungu akasema kwamba mtu akianguka kutoka mahali pasipo ukuta, damu yake itakuwa juu ya nyumba ile. Angalieni, hakusema kwamba ajali haina kinga. Alisema kinga ni ukuta, na kwamba mwenye nyumba ataulizwa. Hata torati takatifu haikuona aibu kusema habari za mawe na udongo, maana huko nako ni kumpenda jirani.

Basi haya ndiyo waliyotufundisha wale askari. Tumeyapanga kama andalio la somo, ili kila nyumba iyaweke ukutani.

Ukuta wa nyumba zetu

1. Sikilizeni matangazo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa daraja tatu. Angalizo, lenye rangi ya njano, maana yake tuwe macho. Tahadhari, yenye rangi ya chungwa, maana yake tujiweke tayari. Tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu, maana yake hatari ni kubwa na hatua zichukuliwe mara moja. Mchunga ng'ombe wa leo hutujia kwa redio na kwa simu. Tusimshukuru tu, tumtii.

2. Usomeni mto. Mvua inayoleta mafuriko aghalabu hunyesha milimani, mbali na macho yetu, huku kwetu jua likiwaka. Maji yakigeuka rangi ghafula, yakibeba majani mabichi na vijiti, au mkisikia mngurumo kutoka juu, ondokeni bondeni upesi. Tena mto ukipungua ghafula wakati mvua ingali ikinyesha huko juu, msifurahi. Yawezekana umezibwa na maporomoko, na kizuizi kikivunjika maji yatakuja yote kwa pamoja.

3. Msivuke maji yaendayo kasi. Askari walituambia kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani ya kupita vifundo vya miguu kidogo, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuielea gari ndogo, na 60 huchukua magari mengi. Wenye pikipiki wasikie neno hili. Kijito kilichojaa kwa haraka aghalabu hupungua kwa haraka. Saa tatu za kungoja ukingoni ni chache kuliko siku tatu za matanga.

4. Anayezama hurushiwa kitu. Mtu asiyejua kuokoa akiruka majini, mara nyingi twawazika wawili. Chukueni dumu tupu la lita 20, kaza kifuniko chake, lifungeni kamba ndefu, mlitupe. Dumu hilo huelea na kumshikilia mtu. Kama halipo, nyosheni mti mrefu huku mmelala chini ukingoni. Mmoja na apige simu namba 114, ya Zimamoto na Uokoaji, aeleze mahali kwa alama inayojulikana, kama shule au daraja.

5. Heshimuni radi. Tukiona umeme, tuhesabu mpaka tusikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Tusipofika 30, radi iko karibu ya kutosha kutupiga. Tuache jembe, tutoke shambani na uwanjani, tuingie ndani ya nyumba imara, tukae mbali na madirisha na nyaya, wala tusijikinge chini ya mti. Tungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

6. Jiko la mkaa lisilale ndani. Usiku wa mvua na baridi twashawishika kuliingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hufa usingizini bila kukohoa. Jiko libaki nje. Kibatari na mshumaa visiachwe vikiwaka karibu na chandarua.

7. Uwepo mfuko mmoja karibu na mlango. Ndani yake muwe na vyeti na hati zilizofungwa katika nailoni, dawa za mgonjwa wa nyumba, tochi, kiberiti kilichofungwa kisilowe, filimbi, fedha kidogo, na nguo ya mtoto. Maji yakianza kuingia, zimeni umeme kwenye swichi kuu ikiwa mahali pangali pakavu, kisha ondokeni. Msirudi kwa ajili ya godoro.

8. Maji yakiisha kushuka, hatari haijaisha. Mafuriko huchanganya vyoo na visima, na kipindupindu hufuata nyuma. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe. Waya ulioanguka usiguswe na mtu, hata kama waonekana umekufa.

Jirani yangu ni nani?

Mambo hayo ni ya kila nyumba. Lakini wako wasio na mtu wa kuwabebea mfuko. Yuko bibi asiyeona, yuko mgonjwa asiyeinuka kitandani, yuko mama mwenye pacha na mume aliye safarini. Mtu mwenye nguvu aweza kupanda mlimani peke yake akafika salama. Mkristo akifika huko juu salama peke yake, hana budi kujiuliza amefikaje bila jirani yake.

Kwa hiyo Halmashauri ya parishi yetu imekubali mambo matatu. La kwanza, Umoja wa Akina Mama wataandika orodha ya wote wasioweza kujiondoa wenyewe, na mbele ya kila jina litawekwa jina la kijana mmoja na la jirani mmoja, ili isiwe kazi ya watu wote, ambayo mwishowe huwa si ya mtu yeyote. La pili, kamba mbili ndefu na madumu manne yatawekwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, na wazee wa kanisa watayakagua kila mwezi, asije mtu akayatumia kwa pombe ya arusi. La tatu, kengele ya kanisa itakuwa pia kengele ya hatari. Ikipigwa mfululizo bila kituo, usiku au mchana, si ya ibada. Kila mtu aondoke bondeni aje kilimani kanisani, Mkristo na asiye Mkristo, na milango itakuwa wazi kwa wote.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi kengele hiyo itapigwa kwa majaribio. Twaomba kila nyumba itembee njia yake kutoka mlangoni mpaka kanisani, pamoja na watoto, na kuhesabu dakika. Msione haya. Nuhu naye alijenga safina mahali pakavu.

Na sasa, mzee wetu mpendwa, tukujibu. Ni kweli kwamba yako mambo yasiyo na kinga, na katika hayo tutapiga magoti pamoja nawe tusiwe na neno. Lakini mengi yana kinga, na kwa hayo Mungu ametupa macho, masikio, kamba na jirani. Tukiomba atuokoe na mto huku tumeziba masikio tusimsikie mjumbe wake, sala yetu ina kasoro. Wewe endelea kutuombea. Nasi twakuomba jambo moja, uturuhusu tuliandike jina lako katika orodha ya akina mama, maana miguu yako haina nguvu kama zamani, na nyumba yako iko bondeni.

Sisi nasi tumeiomba Halmashauri kazi moja, na tumepewa. Tumeomba tuwe wapiga kengele. Tunakaa karibu na kanisa, na usiku usingizi wetu ni mwepesi. Zamani tulipiga kengele ya kuwaachia watoto waende mtoni. Bwana akitupa uzima, tungependa kuipiga mara moja ya kuwaita watu watoke huko.

Tuombe.

Ee Bwana uliyetuliza bahari, utupe akili ya kuona mawingu, unyenyekevu wa kumsikiliza mwenye matope miguuni, na upendo wa kutomwacha jirani nyuma. Uwapumzishe kwa amani waliochukuliwa na maji, uwafariji mama zao. Utusamehe mema tuliyoyaacha. Nawe utakapokuja, uwe ni mchana au usiku wa manane, utukute taa zetu zina mafuta. Amina.